Barua kwa mwanangu: duka la Mmanga

Mwanangu kipenzi,

Waalaykum salaam. Umeniuliza Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 12, 1964 yalitokana na nini. Nitaanzia dukani, maana bibi yako huanzia hapo kila akisimulia.

Kijijini kwao, kaskazini ya Unguja, palikuwa na duka la Mmanga, Mwarabu wa asili ya Omani. Akikopesha sukari na mafuta ya taa mpaka karafuu zichumwe. Baada ya uchaguzi wa 1957 zikaingia zile zama za siasa. Wa chama cha Afro-Shirazi hanunui kwa wa Hizbu, yaani chama cha ZNP. Mwenye shamba anamfukuza mkulima aliyelima mihogo chini ya mikarafuu yake. Watu wakasusiana harusi, hata maziko. Bibi akakatazwa kukanyaga pale dukani. Akawa anakwenda usiku.

Juni 1961, ghasia za uchaguzi ziliua watu 68. Julai 1963, na hapa nataka usome taratibu, Afro-Shirazi walipata asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa kuwa kura zao zilirundikana majimbo machache. Hizbu na mshirika wao, chama cha ZPPP, wakaunda serikali, na Disemba 10 Muingereza akawakabidhi uhuru, Sultani Jamshid akabaki juu ya kiti. Kisha serikali hiyo ikawaachisha kazi polisi wa asili ya bara. Watu wanaozijua ghala za silaha, unawarudisha mitaani na uchungu wao! Mpaka leo kosa hilo linanishangaza.

Usiku wa kuamkia Januari 12 mamia ya watu wenye mapanga na pinde walivamia Ziwani, makao ya polisi, wakateka bunduki. Siku hiyo hiyo Sultani akapanda meli. Redioni akasikika John Okello, kijana wa Uganda, akijitangaza kiongozi wa Mapinduzi. Bibi anasema hata lafudhi ilikuwa ngeni kwao. Abeid Karume, kiongozi wa Afro-Shirazi, akawa rais.

Haki ya wengi kuitawala nchi yao naitetea, mwanangu, na eka tatu alizopewa babu yako baada ya Mapinduzi ndizo zilizotulisha. Lakini waliochinjwa shamba siku zile hawakuwa mawaziri. Ndugu zetu walioko Muscat, Omani, huyaita Mapinduzi hayo mavamizi, na siwagombi.

Yule Mmanga alikutwa mlangoni kwake. Daftari la mikopo lilikuwa chini, limelowa. Bibi aliliokota akatafuta jina lake. Deni la sukari lilikuwa bado halijafutwa.

Baba yako