Safari ya kusaka hazina pwani ya Kusini ipangwe nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowahusu vijana wa Mtwara na Lindi, pamoja na wageni wetu, wanaoupenda mchezo wa kusaka hazina kwa GPS, ambao wenyewe huuita jiokashingi. Mchezo huu ulianza Mei 2000 huko Oregon, Marekani, mara tu baada ya serikali ya nchi hiyo kuondoa kizuizi kilichokuwa kikipunguza usahihi wa GPS kwa raia. Mtu mmoja alificha ndoo yenye vitu vidogo na daftari, akatangaza latitudo na longitudo ya mahali ilipo, na wengine wakaenda kuitafuta. Leo unachezwa dunia nzima, nami ninafurahi kuona unafika kwetu, kwa kuwa unamfundisha kijana kuisoma nchi yake kwa miguu.

Hata hivyo, safari ya namna hii katika pwani yetu haifai kupangwa njiani, simu ikiwa mkononi. Ipangwe nyumbani kwa programu ya ramani, na mpangaji aongeze mwenyewe yale ambayo programu haiyajui.

Kwanza ni namba zenyewe. Wachezaji huandika nyuzi na dakika (sehemu ya sitini ya nyuzi) zenye desimali, ilhali programu nyingi za ramani huonyesha nyuzi zenye desimali. Aliyepewa latitudo ya nyuzi 10 na dakika 16.5 kusini, akaingiza 10.165 badala ya 10.275, amejisogeza kilomita 12 hivi kaskazini, na kwa anayeanzia Mikindani kosa hilo linaweza kumtupa baharini. Ni salama zaidi kupakia faili la GPX, yaani faili linalobeba namba za mahali, lenye vituo vyote kuliko kunakili namba moja moja, kisha kuangalia picha ya setilaiti ili kuhakikisha kuwa kila kituo kimeangukia mahali panapoingia akilini. Wanaotumia ramani za zamani za karatasi nao wakumbuke kuwa nyingi zilichorwa kwa mfumo wa zamani wa kupima latitudo na longitudo uitwao Arc 1960, ambao hapa kwetu hutofautiana na ule wa GPS kwa mita 300 hivi.

Pili ni umbali. Mshale wa GPS huelekeza kwa mstari ulionyooka, lakini pwani yetu imejaa ghuba, mikono ya bahari na mikoko. Kutoka upande wa Shangani, mjini Mtwara, rasi ya Msangamkuu inaonekana ng'ambo pale, lakini asiyepanda kivuko atazunguka ghuba nzima kwa barabara. Programu nzuri humwezesha mtu kupima njia yenyewe kwa kuifuata bila kukata maji, na hapo ndipo vituo vilivyoonekana jirani hugeuka kuwa vya siku mbili tofauti.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote ni maji kujaa na kupwa. Picha ya setilaiti hupigwa mara moja, na ikiwa ilipigwa maji yamekupwa, itaonyesha mchanga mkavu na miamba unayoweza kuivuka kwa miguu. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya kina kati ya kupwa na kujaa hapa kwetu hufika mita 3 na zaidi, na maji hurudi ndani ya saa 6 hivi. Mchanga ule uliouona asubuhi haupo tena mchana. Kwa sababu hiyo, kila kituo cha ufukweni kiandikiwe ndani ya programu saa ya kukifikia na saa ya kuondoka, kwa kufuata jedwali la maji la siku hiyo; na kwa kuwa saa hizo husogea kwa dakika 50 hivi kila siku, ratiba ya jana isitumike leo. Tena, kabla ya kuvuka, waulizwe wavuvi. Hakuna programu inayoujua mkondo wa pale kama wao.

Kuhusu vibali nitasema kwa ufupi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981, na asifiche mtu chochote ndani ya kuta zake wala kufukua chini yake. Anayekwenda Msimbati naye aweke mpaka wa hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi kwenye ramani yake, ajue mapema anapoingia na taratibu zinazomhusu. Vijijini, mwenyekiti wa kijiji aelezwe kabla ya kikopo cha hazina kufichwa, maana mgeni anayeinama kwenye shamba la mikorosho akichungulia simu lazima atiliwe shaka.

Ombi langu la mwisho ni kwa walimu wa jiografia wenzangu wa mikoa hii miwili. OpenStreetMap ni ramani ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuihariri, nayo hupakuliwa kwenye simu ikatumika hata mahali pasipo na mtandao. Tuwatoe wanafunzi siku za Jumamosi wakachore humo njia za miguu, visima, madaraja na vivuko vya vijiji vyao, ili anayepanga safari ya kwetu apange kwa kuifuata njia yenyewe.

Mwalimu wa jiografia,
Mikindani, Mtwara