Mwenza akiugua, asikimbilie kuacha kazi

Mhariri,

Mume au mke akilazwa na daktari akasema hatarudi kazini karibuni, familia nyingi huandika barua ya kuacha kazi ili mafao yatoke haraka. Nia ni njema, lakini barua hiyo huwagharimu. Likizo ya ugonjwa hukoma ajira inapokwisha, bima ya afya ya mwajiri hufuata, na mahali pengine akichukua mafao yote kwa mkupuo amejifungia mlango wa pensheni ya ulemavu.

Kwanza itumike likizo ya ugonjwa hadi mwisho. Kwa kawaida hulipwa kwa mafungu, mshahara kamili kisha sehemu yake, na siku zake zimo katika sheria ya kazi au mkataba wa ajira. Mkataba Namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unaweka kima cha chini kwa nchi zilizokubali sehemu yake ya fao la ugonjwa: fao la ugonjwa lisilopungua asilimia 45 ya kipato, kwa wiki 26, na siku za kusubiri zisizidi 3. Kinachoharibu likizo hii ni makaratasi. Cheti cha daktari kikiisha Ijumaa na kipya kikaanza Jumatano, Jumatatu na Jumanne zinaweza kuandikwa utoro, na utoro hufukuzisha mtu kazi. Ombeni cheti kipya kabla cha zamani hakijaisha, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Pensheni ya ulemavu ndiyo yenye kazi kubwa. Mfuko wa hifadhi ya jamii hauulizi mgonjwa ana ugonjwa gani. Unauliza amebakiwa na uwezo gani wa kufanya kazi. Barua isemayo "ana ugonjwa wa figo" haiwapi madaktari wa mfuko cha kupima. Isemayo "anasafishwa damu mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara, na hawezi kusimama zaidi ya dakika 10" imeshajibu swali. Daktari ana wagonjwa wengi, kwa hiyo mpelekeeni orodha ya kazi alizokuwa akifanya mgonjwa, hata uzito wa mizigo aliyobeba na saa alizosimama. Pia chukueni taarifa ya michango mapema mlinganishe na hati za mshahara, mwezi kwa mwezi. Makato yaliyokatwa yasifike kwenye mfuko si jambo geni, na miezi michache ikikosekana mtu huanguka chini ya muda wa michango unaotakiwa. Mkataba huohuo unaruhusu nchi kudai hadi miaka 15 ya michango kwa pensheni kamili, lakini mwenye miaka 5 anastahili angalau iliyopunguzwa.

Kama ugonjwa umetokana na kazi yenyewe, mathalani vumbi la mawe kwenye mapafu ya mchimba madini, dai ni jingine kabisa. Fidia ya kazini haipaswi kusubiri miaka ya michango, na kiwango chake cha chini katika mkataba huo ni asilimia 50 ya kipato, si 40 kama kwa ulemavu wa kawaida. Hupotea kwa sababu hakuna aliyemwambia daktari mgonjwa amefanya kazi gani maishani, na faili likabaki na neno "kifua".

Mkopo je? Someni mkataba wake kabla ya rejesho la kwanza kukosekana, mtafute bima ya mkopo. Wengi hudhani hulipa kwa kifo tu, kumbe nyingine hugusa ulemavu wa kudumu. Benki ikipendekeza kurefusha muda, ulizeni jumla ya riba mpya kabla ya kusaini.

Jambo la akaunti watu huona aibu kulitaja. Mshahara unaingia kwa jina la mgonjwa, naye hawezi kusaini. Kutumia namba yake ya siri kwenye mashine kunavunja masharti ya benki. Hati ya kumpa mwenza mamlaka ya kisheria iandikwe mgonjwa akiwa na akili timamu, na mwanasheria aulizwe kama itaendelea kufanya kazi akili ikipotea, maana katika nchi nyingi ile ya kawaida hufa hapohapo. Baada ya hapo hubaki mahakama.

Dai likikataliwa, hifadhini barua pamoja na bahasha yake. Siku za rufaa huweza kuhesabiwa tangu ilipopokelewa, na muhuri wa posta ni ushahidi.

Msomaji wenu