Kanda safi si dosari: tuwarekodi wakongwe wetu wakiwa jukwaani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie ubishi unaoendelea miongoni mwetu, wapenzi wa muziki wa bendi hapa Jinja, kuhusu rekodi ya onyesho ambalo bendi ya Kimarekani ya Grateful Dead ilifanya tarehe 8 Mei 1977 katika ukumbi wa Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, jimbo la New York. Wenzangu wengi wanashikilia kwamba usiku ule umesifiwa kupita kiasi, kwamba bendi ile ilipiga vizuri zaidi siku nyingine, na kwamba Cornell ilibahatika tu kupata kanda safi. Kuhusu usafi wa kanda tunakubaliana. Tunachotofautiana ni maana yake.

Kwa wasioifahamu, bendi hiyo ilianza mwaka 1965 huko California na ikaendelea hadi kifo cha mpiga gitaa wake, Jerry Garcia, mwezi Agosti 1995, ikiwa imepanda jukwaani zaidi ya mara 2,000. Wimbo mmoja ungeweza kupigwa kwa dakika tano leo na kwa dakika ishirini kesho, kwa sababu wapigaji walikuwa wakitunga palepale huku wakisikilizana, na ndiyo maana mashabiki wake huulizana tarehe kabla ya kuulizana jina la albamu. Wanaoipinga Cornell wana ushahidi wa kutosha. Hutaja Boston ya tarehe 7 Mei na Buffalo ya tarehe 9 Mei, yaani usiku uliotangulia na uliofuata katika ziara ileile, na wengine hurudi nyuma hadi Veneta, Oregon, tarehe 27 Agosti 1972. Nimesikiliza Buffalo kwa makini na ninakiri kwamba sehemu yake ya kwanza inanivutia kuliko ya Cornell. Hata hivyo, katika sehemu ya pili ya Cornell kuna mahali ambapo nyimbo mbili zinaunganishwa bila kusimama, zikachukua zaidi ya dakika ishirini, na msikilizaji anaweza kufuata hatua kwa hatua jinsi besi ya Phil Lesh na gitaa la Garcia vinavyopeana nafasi mpaka wimbo wa kwanza umekwisha bila mtu kujua ulikwisha lini. Kufuata huko kunawezekana kwa sababu kila chombo kinasikika mahali pake.

Hilo halikutokea kwa bahati. Aliyerekodi usiku ule ni fundi mitambo Betty Cantor-Jackson, ambaye hakutegemea mchanganyiko wa sauti uliokuwa ukipelekwa kwa watu ukumbini, bali alisawazisha vyombo kwa ajili ya kanda yenyewe, akiamua kwa sikio lake ngoma zikae wapi na sauti za waimbaji zikae wapi. Baadaye kanda zake nyingi zilihifadhiwa katika ghala la kukodi, malipo yakakwama, na mwaka 1986 zikapigwa mnada. Walionunua na waliowasaidia walizisafisha na kuzinakili, na nakala zikapita mkono kwa mkono miongoni mwa mashabiki kwa miaka mingi. Mwaka 2012 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza kuiingiza rekodi ya Cornell katika orodha ya kitaifa ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa, na mwaka 2017, onyesho lilipotimiza miaka 40, ikatolewa rasmi kwa ajili ya kuuzwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: anayesema sifa za Cornell ni za kanda tu anaisahau kazi ya mwanamke huyu, kana kwamba muziki hujirekodi wenyewe.

Wapo pia wanaodai kwamba rekodi ya kweli ni ile inayonaswa na mashabiki kwa maikrofoni zao katikati ya umati. Bendi iliwaheshimu watu hao, na tangu mwaka 1984 ikawatengea eneo lao ukumbini, kwa masharti kwamba kanda wabadilishane bila kuziuza. Sioni haja ya kuzishindanisha aina hizi mbili. Kanda ya fundi inatupa vyombo na ile ya umati inatupa ukumbi, na mwenye kupenda historia atazihifadhi zote.

Sasa nirudi nyumbani. Afrigo Band ilianzishwa mwaka 1975, kwa hiyo usiku ule wa Cornell ulipofanyika, Moses Matovu na wenzake walikuwa tayari jukwaani hapa Uganda, katika miaka ambayo kuendesha bendi nchini kulihitaji moyo wa chuma. Ningetamani sana tubishane kuhusu usiku wao bora wa mwaka 1977 kwa bidii hii hii tunayobishania Ithaca. Tungeulizana ni wapi saksafoni ya Matovu ilikolea zaidi, na ni usiku gani wachezaji waliwalazimisha wapigaji kuurefusha wimbo. Studio imetuachia nyimbo za Afrigo, nami nazithamini, lakini kila aliyewahi kukesha na bendi anajua kwamba wimbo wa studio ni mfupi na wenye adabu kuliko ule wa saa saba usiku.

Si kwamba jambo hili ni geni kwetu. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alizunguka nchini mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akirekodi muziki wa jamii zetu, na nakala za rekodi zake zimefika Chuo Kikuu cha Makerere, ambako watafiti wanazisikiliza hadi leo. Muziki wa dansi, ambao wazazi wetu waliuishi kila mwisho wa juma, unastahili uangalizi kama huo.

Najua viongozi wa bendi wanaogopa wizi, na hofu yao ina msingi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inampa msanii haki juu ya kurekodiwa kwa onyesho lake, na haki hiyo iheshimiwe: kanda iwe mali ya bendi, na bendi ndiyo iamue itolewe lini na kwa nani. Lakini kutokuiachia si sababu ya kutoirekodi. Simu za watazamaji hazitatusaidia sana hapa, kwa maana besi huziharibia sauti na mwenye simu huzima wimbo unapoanza kunoga. Mitambo ya kisasa ya kuchanganyia sauti mara nyingi huweza kurekodi moja kwa moja kwenye kifaa kidogo cha kuhifadhia data.

Ombi langu kwa viongozi wa bendi na wenye kumbi za Kampala, Jinja na Mbale ni kwamba wakubaliane kwa maandishi, fundi alipwe kwa kazi hiyo ya ziada, na kila rekodi iandikwe tarehe, ukumbi, majina ya wapigaji na jina la fundi mwenyewe. Nakala moja ibaki kwa bendi na nyingine ikabidhiwe Makerere, ifungwe mpaka bendi itakaporuhusu isikilizwe.

Msomaji wenu,
Jinja