Kujipanga kwa mafua makali: mkutano wa siku ya posho (Jumamosi)

Jambo ba mama, ba papa na vijana wa avenyu yetu hapa Ndosho, Goma.

Siku ya posho, kisha salongo (kazi ya pamoja ya usafi), saa tano kamili, tukutane kwenye uwanja wa kanisa. Tutamaliza mbele ya saa saba, wenye soko msiogope.

1. Mchango: franka 2000 kwa kila nyumba, mwisho siku ya tano (Ijumaa) jioni, kwa mama mweka hazina. Ni ya sabuni na ndoo mbili zenye robineti. Zile za wakati wa Ebola zimepasuka, ingine sijui ilienda wapi.
2. Viongozi wa nyumba kumi walete hesabu ya wazee, wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wenye pumu. Hao ndio mafua makali yanawaumiza zaidi.
3. Vijana wawili wenye chukudu (kinga ya mbao ya kubeba mizigo), wa kubeba maji.

Muuguzi atatueleza dalili. Mtu anaweza kuambukiza wengine siku moja mbele ya kuanza kuumwa, ndiyo maana tunaanza sasa, wakati bado hakuna mgonjwa. Na tafadhali, tuache kununua antibiotiki kiholela: haziui virusi. Mtu akipumua kwa shida, kituo cha afya mara moja, hata usiku.

Andika "NIKO" na namba ya nyumba yako mbele ya siku ya nne jioni. Asiyeweza kufika aseme nani atamwakilisha. Wenye chukudu, mnijibu leo.

Aksanti sana.