Tambi za mchele, mnatutuma supamaketi za nini?

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Moshi na ukurasa wa mapishi ndo naanza nao kabla hata ya siasa. Sasa juzi mmetuwekea namna ya kutengeneza tambi freshi za mchele nyumbani, wazo zuri kabisa, ila mstari wa kwanza tu "nunua unga wa mchele wa pakti supamaketi", alafu mwishoni mnasema ukiukosa basi tumia tambi kavu. Jamani! Mpunga wa Lower Moshi unamwagiliwa hapo Chekereni na Mabogini tangu ule mradi waliosaidia Wajapani ukamilike 1987, na nyie mnatutuma tukanunue mchele uliosagwa Thailand.

Kinachotakiwa ni chenga, zile punje za mchele zilizovunjika. Hizi hizi mnazopepeta mkawamwagia kuku, soko la Mbuyuni bei yake iko chini ya mchele mzima na kwa tambi hazipungukiwi kitu mana si unaenda kuzisaga. Na watu wa wali watanishangaa hapa, ila mchele mpya unaonukia, ule wa Kyela tunaogombania sikukuu, waache wale wali wao, kwa tambi tafuta mchele uliokaa ukakauka, ule ukipika kila punje inasimama peke yake. Mchele mpya unanata, tambi zake zinakuwa laini mno zinakatika hovyo.

Sasa kusaga. Unga uliosagwa mkavu mashineni una chembechembe, tambi yake utaisikia mdomoni kama ina mchanga. Muulize mama yeyote wa vitumbua atakwambia mchele unalowekwa kwanza, na hata huo wa pakti wa Thailand wenyewe kwa kawaida wanausaga na maji, kwahiyo unacholipia ni kazi ambayo blenda yako inaiweza. Loweka kikombe kimoja cha chenga usiku kucha, asubuhi osha, mwaga yale maji, saga na maji masafi kikombe kimoja na nusu mpaka ukipikicha kwa vidole usisikie kitu, alafu chuja. Umeme nao una mambo yake, basi saga pale unapowaka.

Kuna kitu mmekiruka kabisa na ndo roho ya mambo yote, wanga. Mchele hauna ile gluteni ya ngano inayofanya unga uvutike, so mchele mtupu utakupa kitu kinachopasuka ukikikunja. Weka vijiko vitatu vya chakula vya wanga wa muhogo. Nasema WANGA, siyo unga wa muhogo wa ugali! Wanga unaupata kwa kukuna muhogo mbichi (ule mtamu, siyo mchungu), unauosha kwenye maji, unachuja na kitambaa, unaacha maji yatulie, cheupe kinachotuama chini ndo chenyewe, mwaga maji ya juu uanike. Ukiona kazi nyingi tumia konflawa, zinatoka pia ila hazivutiki sana. Chumvi kidogo, mafuta kijiko kimoja, acha rojo ipumzike nusu saa hivi.

Kupika ni mvuke tu. Sufuria kubwa, maji yanachemka kwelikweli, juu yake trei au sinia dogo la bati lenye kitako bapa ulilolipaka mafuta. Koroga rojo kila unapochota, kila mara, mana wanga unashuka chini haraka, mimina utandu mwembamba tu wa kufunika bati, na mfuniko ufunge kitambaa matone yasidondokee juu ya tambi. Dakika tatu nne utaona inavimba mapovu, imeiva. Ndugu zetu wa Arusha wako juu, kama mita 1,400 hivi, huko maji yanachemka kwenye nyuzi 95 tu kwahiyo waongeze dakika moja. Toa, weka bati juu ya maji baridi, bandua, paka mafuta, kunja, kata upana unaotaka.

Na msituambie tena tuziweke friji za wiki nzima, wanga ukipoa sana unakaza, tambi zinakuwa ngumu na kuvunjika mpaka uzirudishe kwenye mvuke. Ni chakula cha siku hiyo hiyo. Guangzhou kule China wanazikaanga na nyama ya ng'ombe na sosi ya soya, Vietnam wanazimwagia supu ya mifupa, mi kwangu ni mchuzi wa nazi na dagaa wa kukaanga na sioni aibu yoyote.

Nachoomba mhariri, rudieni hayo mapishi na vipimo vya chenga, na ile sehemu ya wanga muiandike kwa herufi nene, mana najua kabisa kuna mtu Jumapili hii atamimina unga wa ugali alafu aseme gazeti limemdanganya.

Ni mimi msomaji wenu,
Pasua, Moshi