Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Lushoto: njia ya vilima isimikiwe nguzo

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Lushoto.

YAH: NJIA YA MZUNGUKO YA SIKU MOJA, MJINI – IRENTE – JAEGERTAL – UKINGO WA MAGAMBA – MJINI

Mgeni akifika Lushoto hupelekwa Irente, akatazama tambarare ya Mazinde karibu mita 1,000 chini yake, akapiga picha, akarudi kwa bodaboda. Kufika saa sita mchana hana la kufanya. Ilhali vilima vinavyolizunguka bonde la mji vinatosha kumtembeza kutwa nzima na kumrudisha alikoanzia.

Tunaomba njia moja ipimwe na kusimikiwa nguzo. Isizidi kilomita 18, na mipando yote kwa jumla isipite mita 800. Hesabu ya milimani ni kilomita 5 kwa saa, kisha saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Hapo mtu anatumia karibu saa tano. Ongeza mapumziko, utelezi na miguu iliyozoea lami ya Dar es Salaam, fanya saba. Anayeondoka saa moja asubuhi amerudi saa nane mchana, na akichelewa bado mwanga upo.

Watembeaji waanzie upande wa Irente. Asubuhi tambarare huonekana vizuri, mchana joto na vumbi huifunika. Faida ya pili ni kwamba sehemu ya mwisho itakuwa karibu na barabara ya Magamba: aliyeishiwa nguvu anateremka Jaegertal, anapanda gari.

Mahali pa kupotea ni mashambani kuliko msituni, kwa sababu vijia vya mashambani huhama. Kinachopita kati ya kabichi mwezi Julai, Machi kimeshalimwa na kupandwa mahindi. Nguzo zifuate vitu visivyohama: njia panda, vivuko vya mito, miamba. Mti usipakwe rangi. Miwati na mikaratusi hukatwa, alama ikaenda na gogo. Kwenye mwamba inatosha alama nyeupe ya sentimita 10 kwa 15, upande wa kwendea na wa kurudia. Penye ukungu, nguzo moja isiwe zaidi ya mita 50 kutoka nyingine.

Nguzo iwe na urefu wa mita 1.8, sentimita 60 ziingie ardhini. Mgrevilea mbichi utaliwa na mchwa, kwa hiyo tumieni mikaratusi iliyotiwa dawa kama ya umeme, au zege. Kila nguzo iandikwe namba yake, ili aliyeteguka mguu aseme kwenye simu "niko nguzo ya 23" na mtu wa kijijini ajue pa kumfuata.

Tatizo kubwa ni kingo za matuta. Wakulima wamepanda majani ya guatemala kwenye midomo ya matuta. Yanashika udongo na kulisha ng'ombe wa zizini. Mtembeaji hupenda kukanyaga hapohapo kwa sababu ni pakavu. Shina likivunjika, mvua inayofuata hupata upenyo, mdomo unameguka, na udongo wote unashukia shamba la jirani wa chini. Basi njia ishuke kwa ngazi za magogo, kila kipandio sentimita 15 hadi 20, gogo likikazwa kwa vigingi viwili. Penye mteremko mkali, kila baada ya mita 5 hadi 10 pachimbwe mfereji wa mshazari wa kutoa maji nje ya njia. Bila huo, masika moja tu yanageuza njia kuwa korongo.

Wenye mashamba wasikilizwe kwanza, kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kabla jembe halijagusa ardhi. Kipande chochote kinachoingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba kinahitaji idhini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na ada yake iandikwe kwenye ubao wa mjini. Mtu asiikute njiani wakati mfukoni ana nauli tu. Ubao huohuo useme kila mtu abebe lita 2 za maji na asinywe ya vijito, maana bustani za juu hupigwa dawa.

Machi hadi Mei njia ifungwe. Juni, kabla ya kuifungua, vijana wa kila kijiji waipitie na mafyekeo na majembe, wazibue mifereji, wahesabu nguzo, na walipwe kwa siku.

Wenu,
Watembeaji wa vilima, Lushoto