Risala ya Klabu ya Wanafunzi wa Uhasibu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana, na ahsante kwa kuacha shughuli zako ukaja kutusikiliza.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwaka huu klabu yetu ilijipa kazi moja: kusoma hesabu za kampuni za tumbaku. Jioni moja tulifungua ripoti ya mwaka ya kampuni mojawapo. Ukurasa mzima ulikuwa picha ya mtoto akikinga maji kwenye bomba la msaada. Tukataka kujua bomba lile liligharimu kiasi gani. Tulipekua hadi maelezo ya mwisho, yale ya herufi ndogo, tusione kitu. Faida na gawio la wenye hisa vilikuwa wazi kabisa. Msaada ulikuwa umemezwa ndani ya “gharama nyinginezo”.

Lilituuma. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini mwaka 1999 Philip Morris, kampuni ya tumbaku ya Marekani, ilitoa misaada ya takriban dola milioni 75, kisha ikatumia takriban dola milioni 100 kuitangaza. Kwa mhasibu, hayo ni matangazo, na yaandikwe hivyo.

Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku unatumika tangu 2005. Miongozo ya Ibara ya 13 inaihesabu misaada ya aina hii kuwa udhamini wa kupigwa marufuku, na ile ya Ibara ya 5.3 inazitaka serikali zidai taarifa za fedha za matangazo, ushawishi, michango ya kisiasa na hisani.

Tunaomba basi utusemee kwa watunga sheria. Pale misaada hii inaporuhusiwa bado, kampuni itaje mpokeaji, kiasi, gharama ya kuutangaza msaada na nafuu ya kodi iliyoipata, na mkaguzi wa nje athibitishe.

Tunaomba pia shule zisiipokee. Ombi hili ni zito palipo na upungufu wa madawati, na klabuni tulibishana juma zima. Lakini tumbaku huua hadi nusu ya watumiaji wasioiacha, na nafasi zao huzibwa na vijana wa umri wetu.

Daftari la hesabu tulizokusanya tunakukabidhi leo.

Tunaomba kuwasilisha.